Watu Mia Moja Kabla ya Saa Tano

Mimi sina ulimi wa asali, na sijawahi kudai ninao. Kwa miaka kumi na minane nimekaa kwenye mlango wa ukumbi wa zimamoto hapa Tarrin, mji wetu mdogo wa Australia, miwani puani, futi ya kupimia shingoni, nikikagua nguo za watu kabla hawajavuka daraja. Una saa ya mkononi? Vua. Una lesi ya nailoni? Rudi kwako. Una zipu? Hata usinisogelee. Jina langu Merrin Trevaskis, lakini watu waliniita Forodha. Nilijua, na haki ya Mungu, nilipenda.

Kila Jumamosi ya pili ya mwezi wa tatu tunavuka daraja kwa miguu, kama walivyovuka wazee wetu siku lilipofunguliwa, mwaka 1887. Tunavuka na nguo za mwaka huo huo: magauni mazito, magagulo, koseti za kubana kiuno zenye mbavu za chuma, kofia za manyoya, wanaume na makoti marefu huku jua linawachoma na nzi wanawatambalia midomoni. "Kuanzia ngozi hadi kofia," ndivyo sheria inavyosema, maana yake hata cha ndani kisichoonekana kiwe cha wakati ule. Sheria hiyo niliiandika mimi, kwa mkono wangu, na nikaibandika ukutani.

Basi mwaka jana tulivuka watu themanini na mmoja. Zamani tulikuwa mia mbili. Wiki tatu baadaye madiwani wakakaa, wakapiga kura, na Leith Pascoe akaja kunigongea mlango na barua. Pascoe ni diwani wetu, mtu mwembamba aliyenyooka kama rula, na kila mwaka anachukia siku hiyo kwa sababu tunafunga barabara kuu na malori ya ngano yanazunguka maili kumi na mbili.

"Watu mia moja," akasema. "Mwakani wakivuka mia moja waliovaa kikamilifu kabla ya saa tano, barabara itaendelea kufungwa kila mwaka. Wakipungua, hata kama ni mmoja, basi tena. Sherehe mtafanyia uwanja wa mpira."

"Daraja liko uwanja wa mpira?"

"Halipo."

"Na waliovaa kikamilifu ni akina nani? Nani anapima?"

Akageuza ukurasa wa barua. Nyuma yake kulikuwa na sheria zangu, neno kwa neno, nukta kwa nukta. "Mimi sikuandika kitu, Bibi Trevaskis. Nimezitoa kwako."

Pasi ilikuwa mkononi mwangu, ya moto. Namshukuru Mungu nilijizuia.

Usiku ule sikuwaza lori wala ngano. Niliwaza jambo moja tu: wale watu mia na zaidi waliopotea, nani aliwapoteza? Mimi. Mmoja mmoja, pale mlangoni. Yule mwalimu niliyemrudisha kwa ajili ya raba kwenye soksi. Yule mzee wa reli niliyemvua kofia mbele ya wajukuu. Kila mmoja aliondoka na watu wake wawili watatu, na mwakani hawarudi. Sherehe ikifa, mkono uliokaba shingo yake ni huu wangu.

Kwa hiyo mwaka mzima nilishona kama mwendawazimu. Kila Alhamisi ukumbi wa zimamoto ulijaa cherehani. Cherehani ruksa, mwaka 1887 zilikuwepo. Mwenzangu Noreen Chong, ambaye babu wa babu yake alichimba dhahabu kwenye mto huu huu kabla ya babu wa babu yangu hajajua Australia iko wapi, alishika daftari la majina na mdomo wa kutuchekesha. Mtu akileta lesi ya nailoni sikumfukuza, nilimpa ya pamba. Akileta zipu, nilimkalisha nikamfundisha vishikizo. Nilimshonea muuza nyama koti, nikamshonea muuguzi gauni la mita nane, nikamtengenezea mama mchungaji ule mzigo wa waya unaofungwa nyuma kiunoni ili gauni linyanyuke.

"Hili ni nini hasa?" akauliza mama mchungaji, akilishika kwa vidole viwili.

"Wowowo la waya," Noreen akamjibu. "Mungu alikunyima, Merrin amekupa."

Tulicheka mpaka mama mchungaji mwenyewe akalia machozi. Niseme kweli, sijawahi kuwa na mwaka mtamu kama ule. Tulifika sitini, tukafika themanini, Januari tukapita tisini. Kila jina jipya Noreen alilipigia makofi. Wiki ya mwisho daftari likasoma watu mia kamili, pamoja na mimi, na mimi nikaimba nikiwa bafuni, mimi nisiyeimba hata kanisani.

Mtu mmoja tu sikumwita. Mdogo wangu Gwenda.

Gwenda anakaa mitaa miwili kutoka kwangu. Miaka mitatu nyuma alikuja mlangoni na gauni la hariri rangi ya zabibu, alilolishona peke yake miezi saba, na nakwambia, halijapita gauni kama lile kwenye daraja letu. Kifua kimekaa, pindo limetulia, mikunjo ya nyuma inaanguka yenyewe. Moyo ulinidunda kwa fahari. Kisha nikampitisha kidole mgongoni, chini ya ukingo wa kitambaa, nikaikuta. Zipu.

"Haionekani, Merrin," akaninong'oneza. "Hakuna atakayeiona."

Na mimi, mbele ya watu arobaini, kwa sauti ya kuita ng'ombe: "Kwa hiyo unataka kuvuka daraja na uongo mgongoni?"

Akageuka mwekundu, akatoka. Tangu siku hiyo tukikutana buchani kila mmoja anasalimia nyama. Alikosa yeye, nilijiambia. Sheria ni sheria. Nilijiambia hivyo miaka mitatu, na kila mwaka ilinibidi nijiambie kwa sauti kubwa zaidi.

Jumamosi yenyewe ilifika na jua kali tangu asubuhi. Saa kumi na moja alfajiri niko ukumbini. Saa mbili wamejaa: wengine nawafunga koseti, goti langu mgongoni mwao, "Vuta pumzi! Toa! Usiongee!" wengine nawapiga pini, wengine nawapangusa poda. Makelele, manyoya, harufu ya dawa ya nondo na chai. Watoto wanakimbia chini ya magauni. Muuza nyama ameweka kofia ndefu na hataki kuinama mlangoni, anagonga kila akipita. Saa nne bendi ikaanza kupiga nje, nami nywele zikanisimama mikononi. Tumeweza! Mia moja, bwana! Nilitamani kumwona Pascoe uso wake.

Saa nne na dakika ishirini simu ya Noreen ikalia. Alisikiliza, akasema "Aha," akasema "Pole," akakata.

"Daktari wa mifugo," akaniambia. "Yuko shambani kwa akina Hurley. Ng'ombe anazaa, ndama kageuka. Haji."

"Haji kabisa?"

"Mkono wake uko ndani ya ng'ombe, Merrin. Unataka nimwambie nini?"

Tisini na tisa. Nikakaa chini, yaani nilitaka kukaa, wowowo likanisukuma nikasimama tena. Maji yalinifika shingoni. Dakika arobaini, na mtu wa kuvalishwa kuanzia ngozi hadi kofia hapatikani barabarani kama andazi. Wengine wakaanza kuulizana, na mama mchungaji akaanza kuomba kimoyomoyo.

Noreen alikuwa dirishani. "Merrin. Angalia pale kwenye duka la dawa."

Ng'ambo ya barabara, kwenye kivuli cha duka la dawa, alikuwa amesimama Gwenda. Suruali, shati la maua, mkoba begani, miwani ya jua.

"Amekuja kututazama tunavyozama," nikasema.

"Au amekuja kwa sababu hapa ni kwao," akasema Noreen. "Wewe mwanamke, una dakika arobaini na mdogo wako mmoja. Chagua cha kufanya."

Nikatoka. Barabara imefungwa, nzima ni ya kwangu, nikaivuka na koseti na wowowo na kikapu changu cha kushonea mkononi, na kila mtu ananiangalia. Gwenda hakusogea.

"Heee, Forodha," akasema. "Leo umetoka ofisini?"

"Gauni liko wapi?"

"Shikamoo haipo? Habari za miaka mitatu haipo?"

"Gwenda, tuko tisini na tisa."

Akavua miwani. Alijua maana yake, mji mzima ulijua. Akanyoosha kidevu kuelekea nyuma ya duka.

"Liko kwenye gari," akasema.

"Kwa nini liko kwenye gari?"

"Usiniulize."

"Na gagulo? Na koseti?"

"Kila kitu! Kila mwaka liko kwenye gari, mjinga wee! Kila mwaka nakuja nalo na narudi nalo!"

Nikalibeba gauni na vyake vyote kutoka kwenye gari. Nikamshika mkono, nikamvuta.

Tulimvalisha ukumbini, nyuma ya gari la zimamoto, mimi na Noreen. Shimizi, koseti, wowowo, magagulo mawili, kisha hariri ile ya zabibu. Weee! Hata kwenye kivuli cha gari ilimeremeta. Nikamgeuza. Zipu ilikuwa pale pale, chini ya ukingo.

"Sasa?" akasema Gwenda, bila kunigeukia. "Unaniacha nipite nayo, au unaita watu?"

Nilichukua mkasi. Nikakata uzi wa juu, nikaishika zipu kwa mikono miwili, nikaivuta. Traaaa! Ikatoka nzima kama mfupa wa samaki, nikaitupa ndooni.

"Umelichana gauni langu!"

"Nakushonea humo humo ndani. Tulia."

"Kama gunia la ngano?"

"Kama gunia. Zamani walishonewa hivyo wanawake wengi, na walikwenda dansi. Nyoosha mgongo, usipumue sana."

Noreen akaangalia saa ya ukutani, akatuangalia sisi. "Ndugu wakigombana, mimi nachukua jembe langu nikalime. Nawapeleka wenzenu darajani. Mna dakika ishirini." Akaondoka nao, ukumbi ukabaki wetu wawili.

Nikatunga uzi. Nilianza kiunoni, nikapanda, bandi ndefu ndefu, kila ya nne naikaza kwa fundo. Sindano inaingia, inatoka.

"Kwa nini uliweka zipu?" nikamuuliza. "Wewe, Gwenda? Wewe uliyenifundisha mimi kishikizo?"

Akainua mikono yake juu ya bega ili niione. Vifundo vya vidole vilikuwa vimevimba, kidole cha shahada kimepinda kuelekea cha kati.

"Vishikizo ishirini na viwili mgongoni," akasema. "Vidole vyangu haviwezi. Tangu mwaka ule haviwezi. Nilishona lile gauni kwa kulia, miezi saba, na nilipofika kwenye vishikizo nikashindwa."

"Sikujua."

"Hukuuliza. Uliita watu."

Nikaendelea kushona. Ningesema wakati ule, tulikuwa peke yetu, hakuna aliyesikia. Maneno yalinifika mdomoni yakakwama. Mtu anayefukuza watu kwa sauti kubwa hajui kuomba radhi hata kwa sauti ndogo. Nikafika shingoni, nikapiga fundo, nikakata uzi kwa meno.

"Tayari. Kofia. Twende!"

Tukatoka mbio, kama unaweza kuita ile mbio: wanawake wawili wa miaka sitini na kitu, tumekazwa mbavu, magauni yanafagia barabara, kikapu changu kiwikoni, mawowowo yanaruka nyuma. Watu wa kando ya barabara walianza kupiga kelele. "Kimbia, Forodha! Kimbia!" Mwenye kioski cha mikate ya nyama akagonga sufuria. Gwenda alianza kucheka, nami nikacheka, na ukicheka ndani ya koseti unaona nyota mchana. Miaka mitatu sikuwa nimesikia kicheko kile.

Kwenye mdomo wa daraja alikuwa amesimama Pascoe, suti ya kijivu, kidude cha kuhesabia kiganjani, karatasi ya sheria zangu kwenye kwapa. Mbele yetu msafara ulikuwa unapita mmoja mmoja, na kila mmoja akikanyaga daraja kidude kinalia: ka. Mama mchungaji, ka. Muuza nyama, ka. Noreen alipita wa mwisho wao, akageuka akatupungia daftari lake kwa nguvu.

"Tisini na nane," akatangaza Pascoe. Akaangalia saa ya posta juu ya barabara. "Bibi Trevaskis, dakika sita."

Tulikuwa hatua kumi kutoka kwake, na ndipo nilipogundua kitu cha ajabu. Miguu yangu haikuwa inaniuma.

Buti zangu za vifungo zinauma. Zimeniuma miaka kumi na minane, kuanzia hatua ya kwanza. Nikasimama. Nikainua pindo kidogo. Chini, mbele ya macho yangu, zilikuwa kandambili. Kandambili za mpira, za kijani, za kwendea kumwagilia bustani.

Kila Alhamisi niliwaimbia wanafunzi wangu wa ukumbini wimbo huo huo: buti kwanza, koseti baadaye, kwa sababu ukishakazwa koseti miguu yako ni nchi ya kigeni, huifikii. Na mimi, mwalimu wao, tangu alfajiri nimekimbizana na wao, nimefungwa koseti na Noreen huku namfunga mwingine, na buti zangu nimezitia kwenye kikapu cha kushonea nisije nikazisahau. Nilikuwa nazo mkononi!

Gwenda naye akaona. Macho yakamtoka. Kisha akanisogelea na kunisemea sikioni, meno yamefungwa. "Shusha gauni. Linagusa chini. Twende."

Ni kweli lilikuwa linagusa chini. Pascoe asingeona, wala mtu yeyote. Mia moja ingetimia, barabara ingefungwa, na mimi ningekufa siku moja na heshima zangu zote. Hatua kumi tu.

"Siwezi," nikasema.

"Merrin, usinichezee. Dakika tano!"

"Siwezi, Gwenda! Wewe nilikurudisha kwa kitu kisichoonekana!" Na hapo yale maneno yaliyokwama yakatoka yote kwa pamoja, na yakatoka kwa sauti yangu ya kuita ng'ombe, maana nyingine sina. "Nilikuaibisha mbele ya watu! Gauni zuri kuliko yote, na mdogo wangu vidole vinamuuma, na mimi nikaona zipu tu! Nilikosea! Mnasikia nyie? Nilikosea mimi!"

Walisikia. Ukingo mzima wa daraja ulisikia, na bendi ikaacha kupiga. Niliinua gauni hadi kwenye vifundo vya miguu, kandambili zile za kijani zikaonekana na kila mtu, na mtoto mmoja akacheka.

Pascoe akafungua mdomo. Gwenda hakumngoja aseme.

"Toa buti," akaniambia.

"Gwenda, vidole vyako..."

"Toa buti, mwanamke! Na hiyo ndoana ya vifungo!"

Akapiga magoti juu ya mbao za kupandia daraja, hariri ya zabibu imetapakaa pande zote. Akanivua kandambili, akazirusha huko. Nikashika ukingo, nikatumbukiza mguu. Vifungo kumi na viwili kila buti, vidogo kama mbegu za papai. Ndoana inaingia kwenye tundu, inadaka kifungo, inakivuta. Cha kwanza kilimponyoka mara tatu. Nilimwona akikunja uso. Akaishika ndoana kwa ngumi nzima, kama mtu anayeshika patasi, na kikapita.

"Ruka kimoja kimoja," nikamwambia. "Inatosha."

"Kuanzia ngozi hadi kofia," akasema, pumzi inamkata. "Si umeandika wewe? Vyote."

"Dakika tatu," akasema Pascoe, na nakwambia, sauti yake haikuwa ile ya mlangoni kwangu.

Watu wakaanza kuhesabu vifungo. Sijui nani alianza, nadhani muuza nyama. "Saba! Nane! Tisa!" Wale waliokwisha kuvuka walirudi hadi katikati ya daraja wakasimama pale wanapiga kelele. "Kumi na mbili! Mguu wa pili!" Gwenda aliinama zaidi kuufikia mguu wa kushoto, mikono imenyooka, mgongo umekunjika kadiri koseti ilivyomruhusu.

Nikasikia: ta.

Kisha ta, ta. Kisha ta-ta-ta-ta, bandi zangu zote zikaachia kutoka kiunoni hadi shingoni, na mgongo wa gauni ukafunguka kama mlango wa kabati. Shimizi nyeupe na kamba za koseti zikaonekana na Tarrin nzima. Gwenda alihisi upepo. Hakuacha.

"Ishirini na mbili! Ishirini na tatu!"

"Ishirini na nne!" akapiga kelele mwenyewe, akaitupa ndoana. Na papo hapo saa ya posta ikaanza kugonga mapigo yake kumi na moja, la mwisho ndiyo saa tano kamili.

Nilimnyanyua kwa kwapa. Hakukuwa na muda wa sindano, na pini zote nilikuwa nimezimalizia ukumbini. Nikazikusanya zile pande mbili za hariri kwa mkono wa kulia, nikazikunja kwenye ngumi, nikakaza. "Tembea," nikamwambia. "Nimekushika."

Saa inagonga. Tatu. Nne. Tukafika mbele ya Pascoe, bega kwa bega, mimi nimesimama upande kidogo kama mtu anayeswaga mbuzi. Pascoe akatazama buti zangu. Akatazama ngumi yangu mgongoni kwa Gwenda. Akaitoa ile karatasi kwapani, mwanaume wa watu, akaisoma. Sita. Saba.

"Inasema lazima gauni liwe limefungwa," akasema. "Hili limefungwa kwa nini?"

"Kwa mkono!" nikamfokea. "Mwaka 1887 mikono ilikuwepo!"

Sijui kama alicheka. Mdomo ulimcheza. Saa iligonga mara ya tisa, na kidole gumba chake kikashuka: ka. Gwenda. Kikashuka tena: ka. Mimi. Akakiinua kile kidude juu ili watu wakione, ingawa namba ni ndogo na hakuna aliyeweza kuisoma.

"Mia moja," akasema.

Loo! Sijui nieleze vipi kelele ile. Kofia zilipaa juu, nyingine zikaangukia mtoni na hakuna aliyejali. Bendi ilipiga nyimbo mbili kwa wakati mmoja. Mama mchungaji alikuwa anaruka, wowowo linaruka upande wake. Noreen alilibusu daftari, kisha akambusu muuza nyama, kisha akajuta. Nililia, nasema wazi, nililia kama mtoto, na kamasi hazikuwa za mwaka 1887.

Daraja letu ni refu, hatua mia na themanini kutoka ukingo hadi ukingo, na tulikuwa bado tuko mwanzoni. Tukaanza kulivuka, watu wametuachia njia katikati. Hariri ilikuwa ya moto kwenye ngumi yangu na vidole vilianza kufa ganzi. Tulipofika katikati Gwenda aligeuza shingo, uso umejaa jasho na kicheko.

"Wameshahesabu, dada," akasema. "Unaweza kuachia sasa."

"Tembea," nikamwambia.